Dhahabu ya Geita Ilitoka Wapi?

Maneno yaliyosomwa mbele ya walimu, wazee na wachimbaji wadogo, Buseresere



Tumeombwa kusema machache juu ya kitu ambacho kila mtu wa hapa Buseresere hukisikia kutwa kucha, lakini si wengi wanaouliza asili yake. Kitu chenyewe ni dhahabu. Bei yake twaijua, hata watoto wa darasa la nne waijua. Bali tukiulizana, "Dhahabu hii iliingiaje katika vilima vyetu?" kila mtu atajibu lake. Mmoja atasema kwamba Mungu aliiweka siku ya kuumba ulimwengu. Hilo hatulipingi, ila tunauliza ni kwa njia gani. Mwingine atasema ni mali ya mizimu, nayo huhama usiku ikichukizwa. Wa tatu atasema kwamba popote penye jiwe la chuma patakuwa na dhahabu, kwa kuwa vitu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja.

Msidhani ya kwamba ni sisi wenyeji tu tusiopatana. Wataalamu wa elimu ya miamba nao wamebishana juu ya dhahabu ya namna hii kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, na ubishi wao haujaisha wote. Sisi si wataalamu. Sisi ni makarani, na kazi ya karani ni kuandika maneno ya watu bila kuongeza wala kupunguza. Lakini kwa kukaa sana barazani tumejifunza neno moja, nalo ni hili: kesi huamuliwa kwa mashahidi, wala haiamuliwi kwa ukali wa sauti. Basi leo tutaileta kesi ya dhahabu mbele yenu, tusikilize pande zote mbili, kisha tuite mashahidi. Mwisho tutaona ni faida gani mtu wa kijijini aipata kwa kuijua hukumu yake.

NCHI YETU NA MAWE YAKE

Mtu akitoka hapa akishika barabara ya mashariki, akapita Katoro hata kufika Geita, ataona vilima virefu vyenye mgongo mwembamba. Katika vingi vya vilima hivyo limo jiwe zito lenye mistari, mstari mweusi kisha mstari mweupe au mwekundu, kama kitambaa kilichofumwa. Mistari myeusi ni chuma kivutwacho na sumaku; mtu akiweka dira juu ya jiwe hilo, mshale wake hupotea njia. Mistari myeupe na myekundu ni jiwe gumu la namna ya gumegume. Hili ndilo jiwe la chuma lenye mistari, na ndani yake, na kando yake, ndipo ilipopatikana sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita.

Wapima ardhi wa Serikali ya Tanganyika waliyaita mawe haya, pamoja na mawe ya volkano yaliyo chini yake, kwa jina la Nyanzian, yaani mawe ya nchi ya Nyanza. Yamelala kama mikanda iliyokunjwa katikati ya mawe ya matale, ndugu zao yale mawe makubwa mnayoyaona Mwanza yamepandana ufukoni. Mikanda hiyo yaizunguka Nyanza kusini na mashariki, hata kufika Musoma na Tarime.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja. Watu wengine, wakiona migodi imelizunguka ziwa, hudhani kwamba maji ya ziwa ndiyo yaliyoileta dhahabu. Sivyo. Ziwa hili ni mgeni wa juzi. Liliumbika pale nchi ya magharibi ilipoinuka, mito iliyokuwa ikielekea huko ikazuiwa, maji yakajaa katika bonde. Tena miaka 15,000 hivi iliyopita lilikuwa limekauka, likajaa upya baadaye. Lakini mawe ya Geita yana umri wa miaka milioni 2,700 hivi. Tukilinganisha, ziwa ni kama mtoto aliyezaliwa leo asubuhi, na mawe ni kama babu wa babu zake.

Dhahabu ya nchi hii ilianza kuandikwa katika vitabu wakati wa Wadachi. Ile ya Geita ilionekana mwaka wa 1898. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Kentan ilipima nchi kwa bidii, mgodi ukafunguliwa, ukawa mkubwa kupita migodi yote ya dhahabu ya Afrika ya Mashariki, hata ulipofungwa mwaka wa 1966. Mwaka wa 2000 mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi yake katika vilima vile vile. Basi watu wamechimba miaka mingi, na kwa muda huo wote swali limekuwa lile lile: dhahabu na jiwe la chuma zilizaliwa pamoja, ama mmoja alimkuta mwenziwe nyumbani?

PANDE MBILI ZA KESI

Tuchukue mfano wa jikoni. Mama amekupakulia maharage, nawe waonja chumvi. Chumvi hiyo iliingiaje? Pengine ilitiwa chunguni, ikachemka pamoja na maharage tangu mwanzo. Au pengine ilinyunyizwa juu baada ya kupakua. Ulimi peke yake hauwezi kukuambia. Lakini ukipasua punje ya haragwe ukakuta chumvi imeingia hata moyoni, wajua ilipikwa nayo. Na ukiikuta nje tu na katika nyufa za punje, wajua ilikuja baadaye.

Upande wa kwanza wa kesi yetu wasema kwamba dhahabu ilitiwa chunguni. Zamani hizo palikuwa na bahari hapa, na chini ya bahari volkano zilikuwa zikitoa maji ya moto yenye chuma. Chuma kikashuka sakafuni tabaka juu ya tabaka, na dhahabu ikashuka pamoja nacho. Mwaka wa 1976 mtaalamu aitwaye Fripp, aliyechungua mawe ya chuma yenye dhahabu katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, aliandika hivyo, na wengi walikubaliana naye. Neno hili lapendeza, maana laeleza upesi kwa nini dhahabu na chuma huonekana pamoja.

Upande wa pili wasema kwamba dhahabu ilinyunyizwa sahanini. Jiwe la chuma lilikuwapo kwanza, likagandamizwa, likakunjwa, likapasuka. Kisha maji ya moto kutoka kilindini, yenye joto kupita mara tatu ya maji yachemkayo jikoni, yakapanda katika nyufa hizo. Maji hayo yalikuwa na kiberiti, yaani salfa, na salfa ilikuwa imeibeba dhahabu kama mama abebavyo mtoto mgongoni. Yalipofika penye jiwe la chuma, salfa ilikiona chuma, ikakishika, vikawa pamoja lile jiwe ling'aalo kama shaba, ambalo wataalamu huliita pairiti. Salfa ilipokwisha kushikana na chuma haikuweza tena kuibeba dhahabu. Mtoto akateremshwa papo hapo. Kwa maneno haya, jiwe la chuma si mama wa dhahabu. Ni mtego ulioinasa. Mwaka wa 1984 wataalamu watatu wa Australia, Phillips, Groves na Martyn, waliandika kuwatetea watu wa upande huu, na tangu hapo ubishi ukawa mkali.

Mabwana, kila upande hapo una maneno mazuri. Tumeona mara nyingi barazani kwamba mwongo huweza kusema vizuri kuliko mkweli. Basi na tuwaite mashahidi.

MASHAHIDI WA GEITA

Shahidi wa kwanza ni mahali yenyewe inapokaa dhahabu. Kama ilishuka pamoja na chuma sakafuni mwa bahari, ingetandaa katika tabaka zima, kilima baada ya kilima. Lakini wachimbaji wote wajua kwamba sivyo ilivyo. Jiwe la chuma ni jingi mno, na sehemu kubwa yake haina kitu. Dhahabu yaonekana pale tu mwamba ulipopasuka na kusagika, na pale ile mistari myeusi ya chuma ilipoliwa na kugeuzwa pairiti. Ukiitazama kwa darubini utaona pairiti imekaa mahali pa chuma cheusi, kama mpangaji aliyeingia katika nyumba ya mtu mwingine.

Shahidi wa pili yuko Nyankanga, katika shimo kubwa kupita yote ya Geita. Huko dhahabu haimo katika jiwe la chuma peke yake. Imo pia katika dioriti, nao ni mwamba uliopanda kutoka chini ukiwa umeyeyuka kama uji wa moto, ukapenya kati ya mawe ya chuma na kuganda. Sasa tuulize: dioriti haikukaa kamwe sakafuni mwa bahari, dhahabu iliyomo ndani yake iliangukaje kutoka majini? Hapo upande wa kwanza hukosa jibu. Mwaka wa 2015 Ioan Sanislav na wenzake walieleza habari za Nyankanga kwa urefu, wakaonyesha jinsi dhahabu inavyofuata ule mwanya mkubwa ulioukata mwamba.

Shahidi wa tatu ndiye mkubwa, maana yeye ajua kuhesabu miaka. Katika miamba mingi ya moto zimo punje ndogo kuliko chembe ya mchanga, ziitwazo zirkoni. Zirkoni ikizaliwa huwa na urani ndani yake, na urani hugeuka polepole kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Nusu yake huchukua miaka milioni 4,470 kugeuka. Mpishi hodari, akijua jinsi kuni zake ziwakavyo, aweza kutazama kuni zilizobaki na majivu yaliyokusanyika, akakwambia moto uliwashwa lini. Ndivyo wafanyavyo wataalamu: urani iliyobaki ndiyo kuni, risasi ndiyo majivu.

Basi pale Geita upo mwamba mweusi mwembamba, uitwao lamprofaya, uliopenya katika mawe ya chuma. Mwaka wa 1999 Gregor Borg na Thomas Krogh walitoa habari za vipimo vyao vya zirkoni. Zirkoni za lamprofaya zilionyesha umri wa miaka milioni 2,644, pungufu au zaidi milioni 3. Na mawe ya volkano ya ukanda huu huu yalikuwa yamezaliwa miaka milioni 2,700 hivi iliyopita au zaidi. Sasa, tazameni ukuta wa nyumba uliopigwa lipu. Ufa ukipita katika tofali na katika lipu pia, hapana haja ya kumwuliza fundi. Ufa umekuja baada ya lipu. Na lamprofaya nayo iliguswa na maji yale yaliyoleta dhahabu. Kwa hiyo dhahabu ilifika baada yake. Kati ya kuzaliwa kwa jiwe la chuma na kufika kwa dhahabu ilipita miaka isiyopungua milioni hamsini.

Ndugu zetu, chumvi haikutiwa chunguni. Ilinyunyizwa sahanini, tena chakula kikiwa kimekwisha kupoa.

Lakini tuseme kweli yote kama karani apaswavyo. Kesi haijafungwa kila sehemu. Wataalamu wangali wakibishana juu ya asili ya yale maji ya moto. Wengine husema yalikamuliwa kutoka katika miamba ya chini sana ilipogandamizwa na kupata joto, kama maji yakamuliwavyo katika nguo mbichi. Wengine husema yalitoka katika mawe ya matale yalipokuwa yakiganda. Tena huulizwa kama jiwe la chuma lilikuwa na dhahabu kidogo ya tangu zamani, iliyoongezwa na hii ya baadaye. Mtu akikwambia kwamba maneno yote yamekwisha kujulikana, usimwamini. Na akikwambia kwamba hapana lijulikanalo, usimwamini vile vile.

KESI YA AFRIKA KUSINI

Pengine mtu atauliza, "Kama ya Geita imeamuliwa hivyo, je, si dhahabu yote ya dunia ilikuja kwa njia hiyo?" Kwa ajili yake tutataja kesi nyingine, mashuhuri kuliko yetu.

Katika Afrika Kusini liko bonde la kale liitwalo Witwatersrand. Dhahabu yake ilianza kuchimbwa mwaka wa 1886, na mji wa Johannesburg ulizaliwa kwa sababu yake. Yasemekana kwamba dhahabu iliyotoka katika bonde hilo moja ni theluthi au zaidi ya dhahabu yote ambayo wanadamu wamepata kuichimba. Watu wengi wa Tanganyika, hasa wa nchi za kusini, walikwenda kufanya kazi huko zamani, na baadhi yao hawakurudi.

Mwamba wa huko ni kokoto za mto zilizogandamana. Wengi walisema dhahabu ililetwa na mito ya kale pamoja na kokoto, kama dhahabu ya mchanga tunayoichekecha katika vijito vyetu. Wengine walikataa, wakasema ililetwa baadaye na maji ya moto. Mwaka wa 1930 Graton, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aliandika kwa nguvu kuutetea upande huo. Ubishi ukaendelea vizazi vitatu. Hata mwaka wa 2002 Jason Kirk na wenzake wakapima umri wa dhahabu yenyewe, wakaiona ina miaka milioni 3,030 hivi, yaani ni kubwa kwa umri kuliko zile kokoto zilizoifunika, kwa zaidi ya miaka milioni mia moja. Mzigo uliomtangulia mchukuzi kwa umri hauwezi kusemwa kwamba uliletwa baada yake. Kipimo hicho kiliwapa nguvu sana watu wa mito, ingawa wapinzani wao hawakunyamaza, nao wana hoja zao hata leo.

Angalieni basi: swali moja liliulizwa katika nchi mbili, na mashahidi wakajibu mbali mbali. Kule dhahabu ni mkubwa kuliko jiwe lake, hapa dhahabu ni mdogo. Kama tungeichukua hukumu ya Afrika Kusini na kuitumia Geita bila kuuliza mawe ya Geita, tungepotea. Nasi tusichukue neno la kijiji kingine tukalifanya sheria ya kijiji chetu kabla ya kuwasikia mashahidi wetu.

FAIDA YA KUJUA

Sasa mzee mmoja atasema, "Karani, umetuchosha kwa mamilioni. Mimi nina jembe na duara langu, haya yanifaa nini?" Tutamjibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni la jasho. Yule aaminiye kwamba dhahabu na chuma ni ndugu wa tumbo moja atachimba kila penye jiwe la chuma, naye atakufa maskini. Yule ajuaye kwamba dhahabu ilikuja kwa njia ya nyufa atautafuta mwamba uliopasuka, uliosagika, wenye kutu ya pairiti, na hasa pale ufa unapokutana na jiwe la chuma. Hatusemi atapata, maana hata makampuni makubwa huchimba mashimo mengi bure. Twasema hatapoteza miezi katika jiwe zima lisilo na ufa.

La pili ni juu ya dhahabu "kukimbia". Mara nyingi twasikia kwamba duara lilikuwa likitoa mbale nzuri, kisha ghafula dhahabu ikahama. Tulikuwa karibu na duara moja la namna hiyo, si mbali na hapa. Vijana walichimba wakiufuata mkanda, wakalala njaa kwa ajili yake, hata asubuhi moja mkanda ukakatika kama uliopigwa panga. Walichanga fedha wakamwita mganga, naye akala mbuzi wao na fedha zao, akasema mwenye kilima amekasirika. Baada ya siku nyingi akaja mchimbaji mtu mzima aliyepata kufanya kazi katika migodi, akashuka na taa, akapapasa ukuta kwa kiganja. Akawaonyesha mahali mwamba ulipovunjika na kuteleza, akasema, "Mkanda wenu umesogezwa na mwamba. Chimbeni kwa ubavu." Wakachimba kwa ubavu, wakaukuta, hatua chache tu kutoka pale walipochinja mbuzi.

Tena iko namna nyingine ya "kukimbia". Karibu na uso wa nchi, mvua na hewa zimeiozesha pairiti kwa miaka mingi, ikawa udongo mwekundu, na dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani yake ikafunguka. Ndiyo sababu udongo wa juu hutoa dhahabu upesi. Mtu akishuka chini ya kutu hiyo hukuta jiwe gumu ling'aalo, husaga, huosha, na sinia haina kitu. Hulia kwamba amerogwa. Lakini pengine dhahabu ingaliko, imefungwa ndani ya pairiti mahali ambapo maji na zebaki haviwezi kuifikia. Aliyeyasikia maneno ya salfa na chuma hatamshitaki jirani yake kwa uchawi. Atapeleka jiwe likapimwe.

La tatu ni zito, nasi hatuna budi kulitaja, hata kama kulisema ni aibu. Tangu mwaka wa 2007 hivi, katika nchi hizi zetu, Shinyanga, Mwanza na hii ambayo mwaka wa 2012 ilifanywa Mkoa wa Geita, ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa. Waliuawa, na wengine wakaachwa hai wakiwa wamekatwa mikono. Watoto wadogo walichukuliwa vitandani usiku. Sababu yake ilikuwa uwongo wa waganga kwamba kiungo cha mtu wa namna hiyo huivuta dhahabu. Mwezi wa Januari mwaka wa 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga kwa sababu ya damu hiyo. Sheria ni kitu chema. Lakini sheria humkamata mtu baada ya tendo, na sisi twataka tendo lenyewe lisifikiriwe.

Basi na warudi mashahidi wetu wa mawe, wasimame mara ya pili. Wamesema kwamba dhahabu ya Geita ilishika mahali pake zaidi ya miaka milioni elfu mbili iliyopita. Siku hiyo mwanadamu hakuwapo. Ng'ombe hakuwapo, wala ndege, wala samaki katika maji. Hapakuwa na kiumbe hata kimoja chenye mfupa duniani pote. Dhahabu ilikuja kwa joto, kwa salfa na kwa ufa, ikanaswa na chuma, ikatulia. Haikujua mfupa wala damu, haikujua nywele wala rangi ya ngozi. Mfupa wa mtoto utaitaje kitu kilichokwisha kukaa mahali pake kabla mifupa haijaumbwa? Anayesema hivyo ni mwongo, naye ataka fedha yako tu. Na anayemsadiki amemwua mtoto bure, kisha atabaki na shimo lake tupu.

Wazee wetu wa nchi hii walilijua jambo hili kwa njia yao. Warongo, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika Uzinza tangu zamani, walikuwa na miiko mingi katika kazi yao, nasi hatuidharau. Lakini jiwe waliliweka motoni. Lililotoa chuma walilichukua, lisilotoa walilitupa. Moto ulikuwa shahidi wao, wala hapakuwa na mtu wa kubishana nao.

NENO KWA WALIMU NA WAZEE

Kwenu ninyi walimu, twaomba jambo jepesi. Siku moja wapelekeni watoto kilimani, mkachukue jiwe moja la chuma lenye mistari na sumaku moja. Waacheni washike wenyewe, waone jinsi sumaku inavyong'ang'ania mistari myeusi. Kisha tafuteni jiwe lenye ufa na kutu, waulize ni kipi kilichotangulia, jiwe au ufa. Mtoto atakayejibu swali hilo amekwisha kuanza elimu ya miamba. Watoto wa nchi hii waweza kufika mbali katika elimu hiyo: mwaka wa 2006 Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, walitoa vipimo vya umri wa mawe ya Musoma na Mara kwa zirkoni zile zile tulizozitaja. Haifai sisi tuwe watu wa kushika jembe tu, na wengine wawe watu wa kujua.

Na kwenu ninyi wazee na viongozi wa vitongoji, mtu akija kwenu kushitaki kwamba dhahabu ya duara lake imefukuzwa na kikongwe fulani mwenye macho mekundu, au akinong'ona habari za viungo vya watu, msimwache aondoke kimya. Kwanza muulizeni, "Umekwenda na nani kulitazama jiwe?" Asipokuwa na jibu, kesi yake haina shahidi. Na yule anenaye habari za viungo, mpelekeni mbele ya sheria siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama.

Sisi tumemaliza maneno yetu. Tulikuja na daftari moja, twarudi nalo limejaa maswali yenu, nayo ni mengi kuliko majibu tuliyoleta. Hilo si baya. Mawe yamengoja miaka milioni 2,700 kuulizwa. Yatatungoja na sisi mpaka tutakaporudi na nyundo.